Mama Mtendaji na Mto wa Halmashauri Mbili

Kila mtu katani kwetu alikuwa na namna yake ya kumwogopa Mama Mtendaji. Wenye vilabu vya mbege walimwogopa kwa sababu ya saa za kufungua. Wazazi walimwogopa kwa sababu ya watoto watoro. Wanaume waliokwepa msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kuchimba mitaro na kuziba mashimo ya barabara, walimwogopa kwa sababu aliwafuata hadi mlangoni, akasalimia vizuri, akaulizia afya ya mke na ya ng'ombe, kisha akaondoka na jembe la nyumba hiyo mpaka mwenyewe alifuate ofisini. Mimi nilimwogopa kwa sababu nyingine kabisa. Nilimwogopa kwa kuwa nilimwona akiogopa, na nilikuwa nimezoea kuamini kwamba mkubwa mmoja angalau haogopi.

Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani sijui, na sitajifanya ninajua. Alikuja kwetu kuwa mtendaji wa kata nikiwa bado navaa sare ya shule ya msingi, na nilimwona miaka yote ile kama mtu anavyoona jengo: lipo, linapitwa, halisogei. Nilipomaliza chuo, shahada yangu ya mipango ikiwa ndani ya bahasha ya plastiki na ajira ikiwa haipo, mama alinipeleka kwake nikajitolee huku nikisubiri.

"Shikamoo Mama Mtendaji."

"Marahaba. Umesomea nini?"

"Mipango ya maendeleo."

"Ipi? Ya kuandika au ya kutekeleza?"

Niliwaza swali lile njia nzima ya kurudi nyumbani, nikatunga majibu mazuri ambayo hayakuwa na kazi tena. Yeye alikuwa ameshaendelea na mambo mengine. "Kaa pale," alisema. "Si hapo. Hapo unanizibia mlima."

Alikuwa na kiti kilichotazama dirisha, na dirisha lilitazama Kilimanjaro. Mwanzoni nilidhani anapenda mandhari. Baadaye nikaelewa kwamba theluji hakuiona hata kidogo. Alikuwa anatazama msitu ulio chini yake, na mawingu juu ya msitu. Mito ya kwetu ina tabia ya kutisha: mvua inanyesha juu, huku chini jua linawaka, watu wameanika mahindi, na maji yanashuka korongoni bila hodi. Kila asubuhi alivua buti zake za mpira mlangoni, akavaa viatu vya ofisini, akatazama juu, ndipo akanywa chai. Siku ambazo msitu ulikuwa mweusi hakunywa.

Alikuwa na misemo yake, na sikumwona akiitoa kwa kujisifu. Aliitema kama mtu anayetema kokwa. "Barabara haina chama, ina mashimo." "Bajeti ni mtori. Wa mwisho anakwangua sufuria na bado anaambiwa ashukuru." Neno moja alilichukia kupita matusi: mchakato. Nikilisema, ananipa ufagio. Miezi ya kwanza ofisi ile ilikuwa safi sana.

"Mwananchi akikuuliza barabara itaanza lini, mwambie lini," alisema. "Hujui, mwambie hujui. Ukimwambia iko kwenye mchakato umemtukana, ila yeye hajui, na wewe unajua."

Lakini huyohuyo aliyenikataza maneno ya kukwepa, simu ya halmashauri ikilia alipokea akiwa ameketi, mguu mmoja nje ya kiatu, akasema, "Nipo njiani, naikaribia Himo." Na huyohuyo aliyeondoka na majembe ya watu, nilimkuta siku moja nyuma ya ofisi, ameinama juu ya jiwe, ananoa. Majembe yote aliyoyachukua aliyarudisha yamenolewa. Hakuna aliyemshukuru, maana kila mmoja alidhani ni jembe lake peke yake, na aliona aibu kuuliza wengine.

Alikuwa na pembe ya zamani ya kuitia watu msaragambo. Kata nzima ilikuwa na kundi la simu, lakini hakuliamini. "Kundi linasomwa na anayetaka," alisema. "Pembe inasikika na asiyetaka." Aliipuliza vibaya, ikatoa sauti ya ng'ombe aliyenyongwa, na watoto waliiga sauti hiyo njiani. Kanisani vilevile: aliimba sauti ya tatu kwa nguvu na nje kidogo ya wimbo, na mwalimu wa kwaya alikuwa mmoja wa wale waliomwogopa.

Kuna mahali pamoja tu ambapo ujasiri wake ulikatika waziwazi. Ni mtoni.

Mto ule ndio mpaka. Upande wetu ni halmashauri yetu, ng'ambo ni halmashauri ya jirani. Katikati kulikuwa na kivuko cha magogo ya mgrevilea na mbao za kupigilia, juu sana ya maji, kilichowavusha watu kwenda kituo cha afya, sokoni, na wanafunzi wetu kwenda sekondari iliyoko ng'ambo, akiwamo mdogo wangu Neema. Sisi tulikivuka tukipiga soga. Mama Mtendaji alikivuka akiwa ameshika nguo ya mtu aliye mbele yake, macho ameyafumba, midomo inatembea. Mara ya kwanza aliposhika kanga yangu, aliivuta hadi ikakaribia kunifunguka. Inasemekana aliwahi kuona kitu mtoni, katika kata aliyokuwa kabla ya kwetu. Sikuwahi kumuuliza. Niliogopa angejibu.

Daraja la kudumu liliombwa kila mwaka. Vijiji vililitaja kwenye mikutano, kamati ya kata ikalipeleka mbele, halmashauri ikalipunguza. Ng'ambo walifanya hivyohivyo kwa halmashauri yao. Ndipo, jambo jema kabisa, halmashauri mbili zikakaa kikao cha pamoja kuoanisha mipango, ili vitu vya mpakani visijengwe mara mbili wala fedha zisigongane. Mama Mtendaji alirudi kutoka kikao kile amechangamka. Muda si mrefu greda likaja upande wetu, likachonga barabara nzuri hadi ukingoni mwa mto. Wiki chache baadaye greda lingine likachonga ng'ambo. Barabara mbili pana zikawa zinatazamana juu ya korongo, na kati yake magogo yaleyale.

"Sasa bado daraja," watu walisema. "Linakuja."

Ukweli tuliupata msibani. Alikuwa amefariki mzee mmoja wa ng'ambo, nikaenda na Mama Mtendaji kuhani. Kwenye foleni ya chakula tukakutana na mtendaji wa kata ile, mwanamume mnene mcheshi, sahani mkononi.

"Mama! Aika, asante sana," alisema, akimshika mkono. "Mmetutendea ujirani. Mnaanza lini?"

"Kuanza nini, baba?"

"Daraja. Si mmelichukua ninyi?"

"Sisi?" Mama Mtendaji alicheka. "Sisi tumewaachia ninyi. Mlivyolitaka vile kwenye kikao, tukaona si vizuri kugombana na majirani. Tukalitoa kwenye mpango wetu."

Yule mtendaji aliacha kutabasamu. "Mama, sisi nasi tulilitoa. Tuliona mmelililia zaidi. Tukasema, tuwaheshimu."

"Mlilitoa lini?"

"Wiki hiyohiyo ya kikao."

Mzee mmoja nyuma yetu, meku mwenye koti la suti na ndala, alikuwa ameshika bakuli akisikiliza. "Kwa hiyo mmemwachia nani?" aliuliza. "Mungu? Yeye ameshachangia. Ametoa mto."

Foleni nzima ikacheka, hata wafiwa. Mama Mtendaji hakucheka. Aliweka sahani yake mezani ikiwa imejaa, akatazama juu mlimani. Msitu ulikuwa umeanza kuwa mweusi. Masika ilikuwa karibu.

Huo ndio ustaarabu wa kwetu. Ukikaribishwa ndizi moja iliyobaki, unamwachia mwenzako, naye anakuachia, mpaka inachukuliwa na kuku. Nimelifikiria jambo lile kuliko nilivyofikiria kitu chochote cha chuoni. Hakuna aliyekuwa mwizi. Hakuna aliyekuwa mvivu. Kila upande ulifanya adabu, na adabu mbili zilikutana katikati ya mto zikatoweka.

Alikwenda halmashauri, akaambiwa bajeti imefungwa, na tena kivuko kipo, si kwamba hakuna kitu. Aandike kwa mwaka unaofuata. Aliporudi alinichukua hadi ukingoni, akanionyesha kitu nilichokuwa nikikikanyaga kila siku. Greda lilipochonga barabara lilikuwa limelegeza mawe yaliyoshika vichwa vya magogo. Aliingiza mkono wote kati ya jiwe na jiwe, akautoa na udongo mbichi.

"Tubadilishe magogo?" niliuliza.

"Gogo jipya litakalia udongo uleule. Hapa panahitaji zege, na zege liko kwenye mpango wa mtu ambaye hayupo." Alifuta mkono kwenye sketi. "Nitalitoa hili daraja la magogo."

"Kulitoa wapi?"

"Kulibomoa. Kabla ya mvua."

Nilianza kumwuliza maswali yote kwa pamoja, kama kawaida yangu. Tukiliacha na maji yasije? "Tutakuwa tumebahatika." Tukilibomoa na maji yasije? "Nitakuwa mwendawazimu." Na tukiliacha, na maji yakaja, lakini saa ambayo hakuna mtu...

"Msomi, nyamaza."

"Mama, wewe huogopi?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Ninaogopa kuliko wewe. Tofauti yetu ni kwamba woga wangu una muhuri."

Alipuliza pembe siku ya Jumamosi. Watu walikuja na majembe na mapanga, wakidhani wanakuja kujenga. Alipowaambia, macho waliyotutazama nayo yalinifanya nitamani kuwa mtu mwingine, mwenye shahada nyingine, wilaya nyingine. Meku mmoja alivua kofia. "Pembe hii inaniita tangu nikiwa kijana," alisema. "Haijawahi kuniita kubomoa." Na mama yangu, mama yangu mzazi, alinigeukia mimi mbele ya kata nzima. "Umesoma ili uje kutubomolea daraja?"

Hakuna aliyesogea. Mama Mtendaji akachukua shoka mwenyewe, akalikamata karibu na kichwa, kama anasonga ugali, akapiga gogo pigo moja ambalo halikuacha hata alama.

"Mama, hilo si mwiko!" mtu akapiga kelele.

Akapiga tena. Shoka likateleza, likapita karibu na buti yake. Kicheko kikaanza, kisha kikageuka kuwa mateso, kwa sababu watu wa kwetu wanaweza kuvumilia mengi ila si kazi inayofanywa vibaya mbele ya macho yao. "Lete hapa, utajikata," alisema kijana mmoja kwa hasira, akamnyang'anya. Wengine wakamfuata, wakimlaani huku wanafanya kazi nzuri. Magogo yalipoanguka korongoni yalitoa mlio ambao niliusikia kwenye meno. Watu walikwenda zao bila kuaga. Mama yangu hakuzungumza na mimi mpaka Jumatatu.

Amri ilikuwa kwamba wanafunzi wazunguke kwa barabara ya chini, inayovuka mto mbali, waondoke nyumbani alfajiri. Walizunguka siku chache. Kisha wakagundua kwamba pale chini ya kivuko cha zamani maji yalikuwa ya magoti tu, wakaanza kushuka korongoni na kuvuka kwa miguu, viatu kichwani. Alitishia wazazi. Alichukua majembe hadi ofisi ikajaa. Hawakuacha. Na hapo ndipo nilipomwona akifanya kitu ambacho hakimo kwenye majukumu ya mtendaji yeyote: kila mchana, shule ilipokaribia kufungwa, alivaa buti, akachukua pembe, akaenda kusimama ukingoni akitazama juu. Jua likiwaka alisimama. Mvua ikinyesha alisimama. Watu waliokuwa wakimwogopa walianza kumcheka. "Mama amepanda cheo," walisema. "Sasa ni Mtendaji wa Mto."

Nilikuwa naye siku ile. Jua lilikuwa kali. Msitu wa juu ulikuwa umefunikwa tangu asubuhi, na yeye hakuwa amekunywa chai. Wanafunzi wengi walikuwa wameshavuka. Neema alikuwa wa mwisho, sketi ameikunja, viatu kichwani ameshikilia kwa mkono mmoja, anatembea polepole kwa sababu anapenda kutafuta mawe makavu. Alikuwa katikati kabisa maji yalipobadilika rangi. Hayakuongezeka kwanza; yaligeuka tu, yakawa kama chai ya maziwa. Kisha yakaja majani. Kisha shina zima la mgomba, likija kwa upole, kama mtu anayefika mapema shereheni.

Mama Mtendaji akapuliza pembe.

Neema akasimama. Maisha yake yote pembe ile ilikuwa na maana moja, njoo, basi akasimama kututazama, aone anaitwa kufanya nini.

"Njoo!" nilipiga kelele. "Neema, kimbia, njoo huku!"

"Rudi!" Mama Mtendaji alikuwa anapiga kelele wakati huohuo. "Rudi ulikotoka! Rudi!"

Mdogo wangu alichukua hatua moja kuja kwetu. Akageuka. Akachukua hatua moja kurudi. Akageuka tena. Maji yalikuwa yameshafika juu ya magoti, viatu vilikuwa vimeshamtoka, na sisi wawili tulikuwa tumesimama bega kwa bega, kila mmoja akimvuta upande wake kwa nia njema kabisa. Ndipo nikahisi mkono ukinifunga mdomo. Mama Mtendaji aliuziba kwa nguvu hadi jino langu likanikata mdomo ndani, akapiga kelele peke yake, mara moja: "RUDI!"

Neema akarudi. Alishika mizizi ya ukingo wa ng'ambo, akapanda, akakaa juu akikumbatia magoti, na maji ya kahawia yakajaa pale alipokuwa amesimama.

"Mlikuwa mnanipigia kelele wote wawili!" alilia kutoka ng'ambo. "Dada! Nimsikilize nani?"

Mama Mtendaji alikuwa amekaa chini kwenye matope, miguu imenyooka mbele kama mtoto. Nilidhani anatazama maji. Nilipofuata macho yake niliona anatazama juu zaidi, kwenye mawe yaliyokuwa yameshika vichwa vya magogo. Maji yalikuwa chini sana ya pale. Hayakupafikia siku ile, wala masika yote ile. Kesho yake Mama Mtendaji alisimama palepale na pembe, na wazazi wa upande wetu wakaanza kwenda kusimama naye, kwa zamu. Hakuna mtoto aliyevuka tena kwa miguu.

Mwisho wa mwaka alistaafu, akahamia mjini Moshi, mtaa wa Soweto, kwa binti yake. Mimi nilipata mkataba mfupi ofisi ya mipango ya halmashauri. Niliahirisha kwenda kumwona mara nyingi, kwa sababu nilijua atakachoniuliza, na nilikuwa nimeandaa majibu yote isipokuwa lile la kweli.

Nilimkuta barazani anachambua maharage kwenye ungo. Alikuwa amepungua, amevaa sweta wakati wa joto. Nyumba za jirani zilifunika mlima wote.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba, msomi. Neema yuko kidato gani?"

Nikamwambia. Aliuliza habari za mama, za yule meku wa kofia, za ng'ombe wetu. Kisha, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo: "Yale maji. Yangefika kwenye magogo?"

Nilitazama maharage. Niliwaza kumwambia kwamba haiwezekani kujua, kwamba mto hubadilika, kwamba udongo ulikuwa umelegea, na yote hayo yalikuwa kweli.

"Hayakufika, Mama," nilisema. "Angevuka mkavu."

Aliokota punje moja mbovu, akaitupa. "Niliona," alisema. "Nilitaka kujua kama na wewe uliona. Ningekuwa najua kwamba hayatafika, ningeliacha. Sikujua. Mpaka leo ningelibomoa." Aliokota punje nyingine. "Na daraja?"

Hapo nilifurahi, nilikuwa na habari njema. Nilimwambia kwamba baada ya kivuko kutoweka hakuna aliyeweza kuandika tena kwamba kivuko kipo. Halmashauri zote mbili zilikuja ukingoni, zikaonana, zikaona haya. Safari hii hakuna aliyemwachia mwenzake. Yetu imetenga fedha za nguzo ya upande wetu, ya jirani imetenga za nguzo ya upande wao. Zege limeshamwagwa. Nimeliona kwa macho yangu.

"Pande zote mbili?"

"Pande zote mbili, Mama, kwa pamoja."

Aliacha kuchambua. Aliniangalia, na nikaona ule woga ukipanda taratibu usoni mwake kama maji yanavyopanda bila kelele.

"Na pale katikati," aliuliza, "panajengwa na nani?"

Nilipitia kichwani mpango wetu, ukurasa baada ya ukurasa, kisha mpango wao, niliokuwa nimeuoanisha mimi mwenyewe. Nguzo yetu. Nguzo yao. Barabara yetu. Barabara yao.

Mama Mtendaji alikuwa ameshaweka ungo chini, anamwita binti yake amletee viatu.